Usiku wa Tyubu Nne

Nilimwomba mwenye duka rangi ya mafuta, akaniuliza kama ni ya mlango au ya dirisha. Ilikuwa Kericho mjini, Novemba 1997, na mvua ilipiga mabati hata tukawa tunapigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Nikamweleza kwamba ni ya kuchorea picha. Akafikiri kidogo, akashusha kopo la rangi nyeupe ya kung'aa, akaniapia kwamba hiyo ikishashika haitoki, hata iwe kwenye picha. Sikumlaumu. Kwetu rangi ya mafuta ni ile inayopakwa milango. Ile ya wachoraji, inayokaa ndani ya tyubu kama dawa ya meno, ilikuwa Nairobi, na hata huko bei yake ilimfanya mwanafunzi aishike, aitazame, airudishe rafuni.

Nilichotoka nacho dukani ni tapentaini, chupa ya mafuta ya kitani ambayo maseremala huyaita linsidi, gamu nyeupe ya mbao, kopo dogo la rangi ya maji na karatasi mbili za msasa. Duka la vitambaa lilinipimia yadi mbili za merikani. Tyubu nilikuwa nazo nne, nilizokuja nazo kutoka Nairobi zikiwa ndani ya soksi: nyeupe ya titani, oka ya njano, nyeusi ya mfupa, na amba iliyochomwa, ambayo ni udongo wa kahawia uliopitishwa motoni. Bluu ilikuwa imeniishia muhula uliopita. Pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo, na kazi niliyopewa likizo ile ilikuwa picha ya usiku.

Nilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, idara ya sanaa. Wenzangu waliona picha ya usiku ni adhabu. Mimi niliona nimegawiwa changu. Kwetu Wakipsigis mtoto huitwa kwa wakati aliozaliwa, na wa usiku huwa Kipkemoi akiwa wa kiume, Chepkemoi akiwa wa kike. Mimi ni mmoja wa akina Chepkemoi. Kwa ujinga wa miaka 21 nikadhani jina lingenitosha.

Nilipaswa kujua zaidi, maana usiku ulikuwa umeshaniaibisha mara moja. Picha yangu ya kwanza ya giza, muhula uliotangulia, niliianza kwa kupaka kitambaa chote rangi nyeusi, nene, kama mtu anayemwaga lami. Juu ya weusi huo nikapandisha mlima, mti na mwezi. Ilipendeza kwa wiki tatu. Kisha ikaanza kupasuka, kwanza mwezi, halafu mlima, nyufa ndogo ndogo kama za tope la kando ya kisima wakati wa kiangazi. Mwalimu aliibeba hadi dirishani, akaubonyeza ule weusi kwa ukucha, na ukucha ukazama. Nyeusi ya mfupa hunywa mafuta mengi na hukawia kukauka kuliko karibu rangi zote. Kilicho juu kilikuwa kimekauka kikawa kigumu, na kilicho chini kilikuwa bado kinatembea. "Na hata isingepasuka," akasema, "hapa hamna usiku. Hapa kuna shimo."

Dawa yake ilikuwa kahawia. Muhula mzima hakuturuhusu kugusa rangi nyingine. Picha yoyote, kabla ya kupewa rangi zake, ilipaswa kwanza kusimama yote kwa kahawia peke yake, mwanga na giza tu, mfano wa picha za kamera za zamani. Tabaka hilo lina majina yake ya Kiitaliano na ya Kifaransa, na aliyaandika ubaoni. Sisi tukaliita "chini". Umeweka chini? Chini yako imekauka? Fulani chini yake ni nzuri kuliko juu yake. Ulikuwa utani wa darasa, lakini hadi leo nikiwa peke yangu stoo ninamochorea, ndilo neno ninalojiambia.

Alipenda visa, mzee yule. Alitufungulia kitabu akatuonyesha picha ya Rembrandt ya mwaka 1642, ile kubwa ya kikosi cha walinzi wa Amsterdam ambayo dunia nzima huiita ya doria ya usiku, akatuambia kwamba usiku wenyewe si wa Rembrandt. Ni vanishi iliyozeeka juu ya picha na kushika uchafu hadi watu wakasahau kwamba lile lilikuwa jua. Iliposafishwa miaka ya 1940, mchana ukarudi. Alichotaka tukione ni kwamba giza likipakwa mwisho, juu juu, anaweza kuja mtu na pamba akaliosha.

Lakini kilichonishika mimi hakikutoka Ulaya. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyesoma na kufundisha Makerere na baadaye akawa balozi wa Tanganyika mjini London, alichora mwaka 1956 picha ndogo ya rangi za mafuta: wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Iko New York, katika jumba la MoMA. Nililijua jina lake miaka mingi kabla ya kuiona sura yake, na jina tu lilinionyesha kosa langu. Usiku wangu ulikuwa na mlima, mti na mwezi. Usiku wa Ntiro ulikuwa na watu wenye mzigo na mahali pa kufika.

Basi nikafika nyumbani, Konoin, upande wa Bomet, na kukuta tope. El Niño ilikuwa imeanza Oktoba. Kwetu mvua si habari. Chai iko pale kwa sababu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na mvua ya mawe ni jirani tunayemjua. Ila ile ilikuwa ya kwake. Chai yenyewe iliipenda. Vichipukizi vilisimama juu ya meza ya majani kila baada ya siku chache vikidai kuchunwa, majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, na barabara ya kuyapeleka kiwandani ilikuwa imegeuka uji.

Kwa asiyejua mambo ya chai: mkulima mdogo hayapeleki majani yake kiwandani. Anayapeleka senta, kibanda cha nguzo na mabati kando ya barabara, na hapo anangoja karani na lori. Wakati ule mizani yenye uso kama wa saa ilitundikwa kwenye boriti, mzigo ukaning'inizwa kwenye kulabu, karani akasoma na kuandika. Miaka ya kawaida lori letu lilifika jioni. Mwaka ule lilifika saa tatu, saa tano, saa saba za usiku, au likakwama bondeni na vijana wakateremka na majembe kulichimbua. Kila mtu alingoja. Na kungoja si kukaa, kwa kuwa majani yaliyochunwa yangali hai. Ukiyashindilia ndani ya gunia yanapata joto, yakipata joto huanza kuwa mekundu, na jani jekundu halinunuliwi. Kwa hiyo akina mama huyamwaga sakafuni na kuyapindua kwa mikono, yapate hewa, saa baada ya saa. Usiku wa kwanza nilitia mkono ndani ya lundo la mama. Juu palikuwa baridi na maji maji. Kiganja kimoja ndani, palikuwa na joto la ubavu wa ng'ombe aliyelala.

Taa ilikuwa moja, karabai, imening'inizwa kwenye msumari karibu na mizani. Bonde lote la upande ule halikuwa na stima, isipokuwa kiwanda kilichowaka mlima wa pili usiku kucha, kwa kuwa majani hunyaushwa usiku na mitambo hailali. Ukungu ukipanda, kiwanda kilikuwa doa tu la njano, halafu si kitu. Ndani ya senta ilikuwa karabai na uvumi wake, mikono ikipindua majani, na mtoto wa mtu akikohoa.

Nilitazama nikaona nisiyoyatarajia. Jirani yetu mmoja alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani, chekundu cha kupiga kelele. Chini ya taa kilikuwa chekundu. Aliposogea hatua tatu kufuata kapu lake, kikawa cheusi kabisa, cheusi kuliko sketi yake ya kijani, ambayo mchana ndiyo ingekuwa nyeusi zaidi. Jicho la usiku huisahau nyekundu kwanza. Kijani na bluu linavishikilia kidogo, halafu navyo vinakuwa kijivu. Nikaelewa kwa nini mzee alitunyima rangi muhula mzima. Katika senta ile rangi halisi zilikuwa za hatua tatu tu kuizunguka taa. Kwingine kote ni suala la kipi kina giza kuliko kipi.

Kuchora pale pale haikuwezekana. Ukikaa gizani huoni ubao wako wa kuchanganyia, na ukiwasha taa ya kuuona ubao, usiku uliokuja kuuchora unaondoka. Hapo nikaikumbuka mbinu ya Whistler, yule Mmarekani wa London aliyechora mto Thames usiku katika miaka ya 1870. Alitazama mto, kisha akaupa mgongo na kumsimulia mwenzake alichokiona; mwenzake, mto ukiwa mbele yake, akamsahihisha. Akishaweza kusimulia yote bila kosa huenda kulala, na asubuhi anachora. Mwenzangu mimi alikuwa mdogo wangu wa miaka 11, niliyemhonga mandazi mawili.

Nikaipa senta mgongo, nikaanza. Taa iko kushoto, juu. Chini yake mizani. Kulia kuna wanawake wanne wameinama, mmoja ameketi. Nyuma yao makapu yamepangwa hadi kwenye nguzo.

"Umesahau mbwa," akasema.

"Mbwa gani?"

"Yuko chini ya meza. Macho yake yanaonekana."

Nikageuka. Mbwa alikuwapo. Usiku wa pili sikumsahau mbwa, lakini mdogo wangu hakuridhika. "Watu wako wanaelea. Hujasema miguu." Nikamjibu kwamba miguu haionekani, iko gizani. Akanitazama kwa huruma. "Gambuti zinaonekana. Ncha tu. Zinang'aa kwa sababu zina maji." Nikageuka tena, na kweli, kando ya sakafu palikuwa na mistari midogo ya mwanga, miwili miwili, na kila mwanamke alikuwa amesimama imara juu ya miwili yake. Sijapata mwalimu mwingine wa bei ile.

Usiku wa tatu ndio ninaotaka kuupita haraka. Nilikuwa nimekishika kila kitu isipokuwa yule aliyeketi, na nilitaka awe mama. Nikamwomba aache kupindua majani, akae kwenye kapu lililopinduliwa, chini ya taa, mikono mapajani, atulie. Akasema majani. Nikasema dakika kidogo tu. Akakaa. Nilimtazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoahidi, namna mwanga unavyoshika mfupa wa shavu na kuacha jicho gizani, na yeye, aliyekuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri, akasinzia vile vile alivyoketi. Sikumwamsha. Alikuwa ametulia vizuri sana.

Lori lilipofika, karani alitia mkono ndani ya lundo la mama, akautoa, akatikisa kichwa. Yamechemka. Hayakufika hata kwenye kulabu. Mama hakubishana, wala hakunitazama. Aliyasukuma kwa ubao hadi nje, tukarudi nyumbani na makapu matupu mgongoni. Asubuhi nilipopita, lundo lilikuwa kando ya barabara, limegeuka rangi ya amba kabisa, likifuka mvuke mwembamba kwenye baridi.

Nilianza kuchora siku hiyo hiyo, labda kwa kuwa sikujua la kufanya na mikono.

Seremala wa jirani alinipigilia fremu ya mbao nne. Nikavuta merikani juu yake, nikaisiliba gamu iliyopunguzwa kwa maji, kisha rangi ya maji mara mbili, nikapiga msasa hadi ikawa laini kama ganda la yai. Chini huanza hivi: amba kidogo ndani ya kisosi, tapentaini nyingi, hadi iwe nyepesi kama turungi. Unaipaka kitambaa chote bila kubagua. Sasa una jioni, kitambaa chote kikiwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Halafu unashika, si brashi, ila kitambaa, na kwangu kilikuwa fulana kuukuu ya baba, na unafuta. Pale unapofuta panakuwa mwanga. Mwanga huo hukuupaka. Ni weupe wa kitambaa ulioachiwa njia. Nilifuta shavu la mama. Nilifuta migongo minne, kila mmoja kidogo kuliko uliopita, kadiri walivyokuwa mbali na taa. Nilifuta duara la mizani, jeupe, safi, ukubwa wa kifungo cha koti. Ncha za gambuti nilizitoa kwa kijiti cha kiberiti.

Kisha unarudi na amba nzito zaidi kwenye vivuli, na penye giza kuliko pote, sehemu tatu tu katika picha nzima, ndipo nilipothubutu kuongeza tone la nyeusi. Chini ya paa, chini ya meza alipo mbwa, na barabara inapotokomea. Amba ni rafiki wa mtu mwenye haraka, kwa sababu udongo wake una manganizi, na manganizi huharakisha mafuta kukauka. Ndiyo maana kahawia huwekwa chini na nyeusi huchungwa. Taa yenyewe sikuigusa. Mzee alikuwa mkali juu ya hilo: anayeanza na taa huishia kuipigia magoti picha nzima.

Mama aliingia akiwa na ndoo, akasimama. Picha ilikuwa kahawia tupu, watu hawana nyuso. Akawataja wote mmoja mmoja. Yule anainama hivyo kwa sababu ya goti. Yule ni wa kule juu, huweka mkono kiunoni akichoka. Alipofika kwa aliyeketi akanyamaza, akachukua ndoo yake akatoka.

Novemba ile hakuna kilichokauka, hata nguo. Nikaipandisha picha darini juu ya jiko, palipo na joto, nikaiacha siku tano. Ilishuka ikiwa kavu na imevaa masizi kama ngozi ya pili. Kogo, nyanya yangu, alicheka hadi akashika ukuta: nimeifukiza kama kibuyu. Ni yeye aliyeniletea donge la ugali baridi nikaligandamiza juu ya picha, nikilikanda na kuligandamiza tena, likabeba masizi bila kugusa rangi. Kuku wakala ugali mweusi.

Sasa palikuwa na suala la bluu. Chini ilikuwa tayari, na juu yake nilitaka ukungu, lile anga la baridi lililoizunguka senta, na kila picha ya usiku niliyoijua ilikuwa na bluu ndani yake. Nilichanganya hiki na kile kwenye kigae, nikapata tope. Niliwaza kumwandikia rafiki Nairobi anitumie tyubu kwa basi. Nilikuwa nimekaa jikoni na hasira zangu kogo aliponimiminia mursik.

Mursik huanzia kwenye moto. Tawi la senetwet huchomwa likawa kaa, na kaa hilo husuguliwa ndani ya sotet, kibuyu chetu, kabla ya maziwa kutiwa na kuachwa yagande. Kwa hiyo yanapomiminwa hayatoki meupe. Nilikuwa nimeyanywa tangu sijaota meno, na siku ile ndiyo mara ya kwanza niliyatazama. Ndani ya kikombe cha bati, yakipindukia ukingoni, yalikuwa bluu. Si kijivu, bluu, ya kimya, kama mlima wa mbali. Na humo hamkuwa na kitu kingine zaidi ya nyeupe na kaa jeusi.

Nikaenda nikaminya nyeusi ya mfupa kiasi cha punje ya mtama ndani ya nyeupe, nikaongeza mafuta ya kitani, nikaipitisha juu ya kahawia ya chini, nyembamba sana, nikiisambaza kwa kidole. Ikawa bluu mbele ya macho yangu. Na kadiri kahawia iliyokuwa chini ilivyokuwa nzito, ndivyo bluu ilivyozidi. Ni jambo lile lile linaloufanya moshi wa jikoni uwe bluu ukipita mbele ya msitu, na uwe wa kahawia ukishapanda mbinguni. Rangi nyembamba nyeupe-nyeupe juu ya giza hutoa ubaridi ambao haumo ndani ya tyubu yoyote. Miaka baadaye nilisoma habari za Anders Zorn, Mswidi aliyesifika kwa kuchora kwa nyeupe, oka, nyekundu na nyeusi tu, nyeusi yake ikisimama mahali pa bluu. Mimi nilikuwa nimeshafundishwa na kibuyu.

Baada ya hapo tyubu nne zilinitosha na zikabaki. Nyeusi ndani ya oka ikanipa kijani kizito, kijani hasa cha chai ya usiku, inayong'aa juu tu, mahali jani changa lilipo, na kuwa giza tupu shinani. Amba na oka zikanipa ngozi ya watu karibu na taa. Kila tabaka nililizidishia mafuta kidogo kuliko lililo chini yake, tapentaini ikipungua kadiri nilivyopanda, ili cha chini kiwahi kukauka na cha juu kibaki na ulaini. Nyufa za ule mwezi zilikuwa bado zinaniuma. Sehemu nyingi sikuzigusa kabisa. Paa, nguzo, mbwa, vilibaki kahawia ile ile ya siku ya kwanza, na ndivyo vilivyokuwa na kina kuliko vyote.

Taa ilinichukua dakika kumi. Kwanza oka nyembamba kuizunguka, ukungu ukishika mwanga; kisha nyeupe nene, haikuchanganywa na kitu, punje moja ya hindi, imebandikwa kwa ncha ya kisu. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, amefumba jicho moja. Akaweka kiganja usoni kama mtu anayejikinga jua, kwa mzaha, na nikajua imewaka. Mwisho nikaupaka uso wa mizani nyeupe yenye oka, mbichi, nikairudisha picha ukutani.

Mama alikuja jioni, amekwisha kufunga ndama. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko ile ya kahawia, akiisogelea na kurudi nyuma. Nilingoja aseme juu ya yule aliyeketi, mikono mapajani, mtu pekee katika senta yote asiyefanya kazi.

"Mizani haisomi," akasema.

Nikamweleza kwamba ni ndogo mno, kwamba kwa mbali jicho la mtu litaelewa ni mizani.

"Mizani haisomi. Hakuna mshale."

"Nisomeshe ngapi?"

"18."

Nikanyamaza. Majani yale hayakuwa yamefika kwenye kulabu, hayakuandikwa popote. Akasema hahitaji kulabu, amebeba makapu tangu kabla sijazaliwa na mgongo wake unajua. Zilikuwa 18.

Nikachukua kijiti cha kiberiti, nikakichonga ncha. Rangi ya uso wa mizani ilikuwa bado mbichi na chini yake ilikuwa kavu, kwa hiyo sikuhitaji kupaka kitu. Ilitosha kukwangua, na kahawia ingejitokeza yenyewe. Nikavuta mstari mmoja kutoka katikati kwenda chini.

Mama akainama. Mizani zile zilikuwa za kilo 50, sifuri juu, na alikuwa akizisoma akiwa begani mwa karani usiku hadi usiku.

"Hiyo ni 25," akasema. "Mimi si mwizi."

Nikauziba mstari kwa kidole, nikalainisha, nikakwangua tena, juu kidogo, upande wa kulia, pale kwenye saa ya ukutani pangekuwa baada ya nne na kabla ya tano. Mwembamba kama unywele, rangi ya jani lililochemka. Akahesabu kwa ncha ya kidole bila kugusa: 5, 10, 15, na kidogo.

"Sawa," akasema, akaenda kukamua.